Je, Mitishamba Husafisha Seli?

Wagonjwa wengi wanatuuliza habari za manjano na mwarobaini. Wamesikia kwamba mimea hii "inasafisha seli", na hapa Dunda wapo walioacha vidonge vya kisukari au vya shinikizo la damu kwa kuitegemea. Maneno hayo si uzushi mtupu. Yana ukweli ndani yake, ndiyo maana yanawavuta watu.

Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kila seli ina vifaa vyake vya kazi, navyo huchakaa. Mafundi wa majahazi hapa pwani wakibomoa chombo kibovu hawatupi kila kitu. Mbao nzima hurudi kwenye kazi nyingine. Seli nayo hufanya hivyo. Hukizungushia kifuko kifaa kilichochakaa, ikakipeleka kwenye chumba chenye tindikali kikameng'enywe, na vipande vyake hujengea kitu kipya. Kazi hii huitwa otofaji, maana yake kujila mwenyewe. Mjapani Yoshinori Ohsumi aliichunguza katika hamira, jamii ile ile tunayoumulia maandazi: aliinyima chakula, akaiona inaanza kujila. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016.

Kazi hii ikizorota, hasa uzeeni, takataka za protini hurundikana katika seli za ubongo. Ndivyo inavyoonekana katika ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka mikono.

Sasa mimea. Rangi ya manjano hutokana na kemikali iitwayo kurkumini, na majani ya mwarobaini yana nimbolidi. Zote mbili, zikitiwa kwenye seli zilizooteshwa maabara, zimeonekana kuamsha otofaji. Lakini kisahani cha maabara si tumbo la mtu. Kurkumini ikimezwa, ni kidogo sana inayofika katika damu. Sehemu kubwa hutoka na choo. Tena liko jambo ambalo wauza dawa barabarani hawalisemi: kuiamsha kazi hii si heri siku zote. Seli ya kansa ikikosa chakula hutumia njia hiyo hiyo kujiokoa. Kwa hiyo wapo watafiti wanaojaribu kuizuia kwa wagonjwa wa kansa, wakitumia ndugu ya klorokwini, dawa tuliyoimeza sote zamani kwa malaria. Dawa hiyo hupunguza ukali wa tindikali ya kile chumba, na uchafu ukabaki bila kumeng'enywa.

Mmea uliogeuka dawa kweli ni pakanga ya China. Mama Tu Youyou na wenzake walitoa ndani yake artemisinini mwaka 1972, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Jamii ya dawa hiyo imo katika dawa mseto ya malaria tunayowapa wagonjwa. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani halishauri kunywa chai ya pakanga kutibu malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa hutofautiana kikombe kwa kikombe. Kikiwa pungufu, vimelea hubaki na huzoea.

Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno, endeleeni nayo. Vidonge vyake vyenye nguvu ni habari nyingine: huko Italia, mwaka 2019, viliripotiwa watu walioumia ini baada ya kuvitumia. Mafuta ya mwarobaini msimnyweshe mtoto kabisa. Huko Malaysia watoto wachanga walionyweshwa walipata degedege, na wengine walikufa. Mama mjamzito naye asinywe mwarobaini.

Mwenye kisukari anayechanganya mwarobaini na vidonge vya hospitali anaweza kushukiwa na sukari kupita kiasi. Hutoka jasho, hutetemeka, huongea ovyo. Akiwa anaweza kumeza, apewe mara moja maji yenye sukari au soda ya kawaida, kisha aletwe. Akiwa amezimia, msimtie kitu chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na anayetumia mitishamba yoyote, aje na chupa yake au majani yenyewe siku ya kliniki atuonyeshe. Hatutamgombeza.