Hesabu ya Mkeka: Somo kwa Wazazi wa Tunduma

Mahindi yauzwapo Mbozi au Tunduma, fedha huingia simuni; na simu hiyo ndiyo mtoto aichezeayo jioni. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 yamkataza aliye chini ya miaka 18, lakini mtandao hauoni uso: huona laini iliyosajiliwa kwa jina la baba.

Mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner alionyesha kuwa njiwa aliyepewa punje mara moja moja, asijue lini, huendelea kudonoa muda mrefu hata punje zikikoma. Kukemea pekee, basi, hakutoshi.

Keti na mwanao, mrushe sarafu mara 5. Nafasi ya kupatia zote ni 1 kati ya 32. Mikeka 32 ya namna hiyo, kwa shilingi 500 kila mmoja, hugharimu shilingi 16,000. Kampuni ikilipa mara 25, mkeka mmoja ushindao, kwa wastani, huleta 12,500. Shilingi 3,500 zimekwenda. Mtoto wa darasa la sita aiweza hesabu hii. Watu wazima wengi hatujaijaribu.

Kisha badili namba ya siri, wala usiitaje kwa wakala mtoto akisikia.