Padre Aliyechunguza Wageni wa Sisimizi

Msomaji, je, umepata kuchimbua shimo la sisimizi ukaona ndani yake wadudu wengine wasio sisimizi? Wengi wetu tukiwaona hatuwajali. Lakini alikuwako padre mmoja wa Kikatoliki aliyetumia zaidi ya miaka arobaini kuwachunguza wadudu hao, na kwa sababu yao akasimama mbele ya mkutano mkubwa kushindana kwa maneno na mabingwa wa elimu ya viumbe. Jina lake ni Erich Wasmann. Yafaa mkulima azijue habari zake, kwa maana zafundisha jinsi ya kutazama kitu kwa makini, na jinsi ya kutenga jambo lililothibitishwa na jambo linalodhaniwa tu.

MAISHA YAKE

Wasmann alizaliwa tarehe 29 Mei, 1859, katika mji wa Merano, kwenye milima ya Tyrol. Siku zile mji huo ulikuwa wa Austria. Leo umo katika Italia. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha. Mwaka huo huo wa 1859 Mwingereza Charles Darwin alitoa kitabu chake juu ya asili ya aina za viumbe, kitabu kilichozusha mabishano katika Ulaya nzima.

Mwaka 1875 Wasmann aliingia shirika la Wajesuiti. Serikali ya Ujerumani ilikuwa imewafukuza Wajesuiti mwaka 1872, kwa hiyo alipata mafunzo yake Uholanzi. Mapafu yake hayakuwa mazima, wala hakuwa na nguvu za kazi nzito. Basi akaanza kuwatazama wadudu, kazi itakayo macho na subira kuliko nguvu.

Mwaka 1884 alitoa kitabu juu ya mdudu mmoja wa jamii ya fukusi, ambaye hukaa katika mti wa Ulaya uitwao betula. Mdudu huyo hukata jani kwa mstari uliopinda, kisha hulikunja kama bomba la kumiminia mafuta, akataga mayai ndani yake. Mstari ule una hesabu yake, tena si hesabu rahisi, lakini mdudu hakwenda shule. Wasmann akauliza: ujuzi huu watoka wapi? Swali hilo hakuliacha maisha yake yote.

WAGENI WA NAMNA MBALIMBALI

Baada ya hapo akageukia sisimizi na mchwa. Aliwaweka katika viota vya kioo ili aone mambo yafanyikayo ndani, na huko nje alivihesabu viota na kuandika habari za kila kimoja. Aliona kwamba nyumba ya sisimizi ina wageni wengi, akawagawa hivi:

Wa kwanza ni wageni wa kweli. Sisimizi huwalamba, huwalisha na kuwatunza.

Wa pili ni wapangaji. Sisimizi hawawajali, nao huokota makombo.

Wa tatu ni wezi. Sisimizi huwafukuza na kuwaua wakiwapata, lakini hurudi kula watoto na mizoga.

Wa nne ni wadudu wanyonyao miili ya wenyeji wao.

Wa tano ni mifugo, kama vile vidukari, ambao sisimizi huwalinda ili wapate maji matamu yatokayo katika miili yao.

Mwaka 1894 alitoa orodha ya wageni wa sisimizi na mchwa waliojulikana duniani, na aina zake zilipita 1,200. Wataalamu wengine walimheshimu hata wakaita jamii moja ya sisimizi Wasmannia. Mmoja wa jamii hiyo ni sisimizi mdogo mwenye kuuma kama moto, ambaye asili yake ni Amerika na ambaye sasa amekuwa adui katika Gabon na Kamerun.

USHAHIDI ULIOMSHAWISHI

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Je, aina za viumbe zimekuwa hivi tangu mwanzo, au zimebadilika? Wasmann hakutaka kujibu kwa kufuata vitabu vya watu tu. Alitaka wadudu wake wajibu.

Katika Ulaya kuna mdudu mdogo mwenye mabawa magumu aitwaye Dinarda. Wasmann aliona aina nne za mdudu huyu, na kila aina hukaa na sisimizi wa aina yake. Umbo lao ni moja, lakini ukubwa na rangi vyatofautiana kwa jinsi vinavyowafaa wenyeji wao. Alisema kwamba maelezo mazuri ya jambo hili ni moja: wote wametoka kwa babu mmoja, na kila ukoo umebadilika kwa kuizoea nyumba yake.

Ushahidi mwingine aliupata kwa wageni wa siafu, ambao kila mkulima wa Afrika awajua. Huku Afrika kuna mdudu aitwaye Doryloxenus anayesafiri pamoja na siafu, na miguu yake imegeuka ili kumshika siafu vizuri. Huko Bara Hindi wa jamii hiyo hiyo walipatikana ndani ya vichuguu vya mchwa. Miguu ya kupandia siafu ina kazi gani kwa mtu akaaye na mchwa? Wasmann akasema kwamba babu zao walikuwa wageni wa siafu, kisha wakahamia kwa mchwa, nao wangali na alama ya nyumba ya zamani.

Kwa hiyo padre huyu alikubali kwamba aina za viumbe hubadilika. Lakini hakukubali yote yaliyosemwa siku zile. Alionya kwamba watu walitumia jina moja la Darwin kwa mambo manne: kubadilika kwa viumbe, maelezo ya Darwin kwamba mabadiliko huletwa na uchaguzi wa asili, yaani waliofaa zaidi hubaki na kuzaa, habari za asili ya mwanadamu, na imani ya wengine kwamba elimu hii imemwondoa Mungu. Kukubali moja, alisema, si kukubali yote.

MAJADILIANO YA BERLIN

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Profesa Ernst Haeckel wa Jena. Haeckel alifundisha kwamba kubadilika kwa viumbe kwaonyesha kwamba hakuna Muumba. Mwezi wa Februari 1907 Wasmann alikwenda Berlin akatoa hotuba tatu. Kisha, tarehe 18 Februari, yakafanywa majadiliano mbele ya watu wapatao 2,000. Haeckel mwenyewe hakuja. Wapinzani kumi na mmoja, wakiongozwa na Profesa Ludwig Plate, walisema mmoja baada ya mwingine, na padre akawajibu wote mwisho, usiku ukiwa umekwenda sana.

Wapinzani walisema kwamba amefika nusu ya njia akasimama: amekubali mabadiliko kwa wadudu, mbona hakubali kwa mtu? Naye akajibu kwamba roho ya mtu haitoki kwa mnyama, na kuhusu mwili, ushahidi uliokuwapo haukutosha. Kila upande ulikwenda nyumbani ukisema umeshinda, na magazeti yakaendelea kubishana.

WAKATI UMEAMUA NINI?

Msomaji, leo twaweza kupima maneno yao, kwa kuwa zaidi ya miaka mia moja imepita.

Juu ya wadudu, Wasmann alikuwa na haki: jamaa za viumbe hutoka kwa mababu wamoja. Lakini juu ya uchaguzi wa asili alikosea. Alikuwa na mfano aliouona kuwa na nguvu sana. Mdudu aitwaye Lomechusa hukaa na sisimizi wekundu wa Ulaya. Sisimizi humlamba na kumlisha, hata watoto wake huwalea, na hao watoto hula watoto wa sisimizi. Wasmann akauliza: ikiwa asili huchagua lenye faida, imekuwaje sisimizi wakapata desturi ya kuwapenda wanaowaangamiza? Lilikuwa swali zuri. Jibu lilikuja baada ya kufa kwake, katika miaka ya 1960 na 1970, kwa uchunguzi wa Bert Hölldobler. Sisimizi hawana desturi ya kuwapenda wageni. Wanayo desturi ya kuwalea watoto wao, na mgeni huiga harufu na miguso ya watoto hao. Ni kama mwizi aliyechonga ufunguo wa nyumba yako. Uchaguzi wa asili umefanya kazi, ila umemfaa mwizi.

Juu ya mwili wa mwanadamu, ushahidi aliosema haupo ulikuja baadaye, na sehemu kubwa ilitoka Afrika ya Mashariki. Mwaka 1959 fuvu la kale lilipatikana Olduvai, Tanganyika. Mwaka 1984 Mkenya Kamoya Kimeu aligundua mifupa ya kijana wa kale karibu na mto Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, yenye umri wa miaka kama milioni moja na nusu. Kanisa lake nalo halikukaa kimya: mwaka 1950 Papa Pius wa 12 aliruhusu wataalamu wachunguze asili ya mwili wa mtu, na mwaka 1996 Papa John Paul wa 2 akasema kwamba elimu hii ni zaidi ya dhana. Wasmann hakuyaona hayo. Alikufa Uholanzi tarehe 27 Februari, 1931.

FAIDA KWA MKULIMA

Labda utasema: haya yamhusu nini mwenye shamba? Basi sikiliza habari za kahawa. Katika miaka ya 1920 wadudu weupe kama waliopakwa unga waliharibu sana kahawa ya Kenya. Hao ni wa kundi la tano la Wasmann, yaani mifugo. Sisimizi huwalinda ili wanywe maji yao matamu, na kuwafukuza wadudu ambao wangewala. Kwanza watu waliwadhania kuwa aina nyingine, wakaagiza maadui zao kutoka Asia, lakini maadui hao hawakufaa kitu. Wataalamu walipotazama tena kwa makini waliona kwamba ni aina ya peke yake, na kwamba kwao ni Uganda. Mwaka 1938 maadui zao waliletwa kutoka Uganda, na kahawa ikapona. Tofauti ndogo, ambayo mtu mwenye haraka haioni, ndiyo iliyookoa mashamba.

Kwa hiyo ukiona sisimizi wakipanda na kushuka katika mti wako, usiwatazame wao tu. Fuata njia yao mpaka ujue wanalinda nini. Pogoa matawi yagusayo ardhi, ondoa magugu marefu yaliyo daraja la kupandia, kisha umwite bwana shamba umwonyeshe wadudu wenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Wageni wa sisimizi ni wa namna ngapi? Ni wa namna gani wadhuruo mimea yako?

2. Kwa nini Wasmann alisema kwamba aina nne za Dinarda zina babu mmoja?

3. Alikosea wapi juu ya Lomechusa, na ni uchunguzi gani uliolisahihisha jambo hilo?

4. Taja jambo moja la kilimo unaloliamini. Je, umelithibitisha, au umelisikia tu?