Nyumba ya Simbilisi

Simbilisi, au kobaye, ni mnyama mpole. Hawezi kupanda ukuta wala kupigana. Mbwa au nyoka akimfikia, hufa. Uhai wake u mikononi mwa mfugaji.

Hapa Kamina mvua hunyesha tangu Oktoba hata Aprili, na usiku wa Juni una baridi. Basi chagua mahali penye kivuli, pasipotuama maji. Inua kibanda juu ya miguu minne, kiwe mbali na unyevu. Ezeka nyasi nene. Mbele weka wavu wenye matundu madogo, kuta nyingine ziwe za mbao. Tandika nyasi kavu, zikilowa, zibadili.

Mungu ametukabidhi wanyama tuwatunze, si kuwatesa.

Maswali
1. Kwa nini tunainua kibanda?
2. Kwa nini matundu yawe madogo?