Mlezi wa Usiku kwa Mtoto Mchanga

Katika mambo ambayo waume huwaachia wake zao peke yao, na hali jukumu lake li juu ya wote wawili, ni hili la kumtafuta mtu wa kulala na mzazi na kichanga chake katika siku arubaini za mwanzo. Ndugu zetu wa pwani wakaao Kisumu wametuuliza khabari yake, nao wana haki ya kuuliza. Anayejifungua Mombasa au Lamu huzungukwa na mamake, khalati zake na somo yake; mtoto akilia usiku huwapo mikono mingi ya kumpokea. Lakini tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901 watu wetu wamekuwa wakihamia huko kwa biashara na kazi, na wengi hivi leo hukaa mume na mke tu katika vyumba viwili vya kupanga, na nyanya yake mtoto yuko mbali, safari ya usiku mzima kwa basi. Hapo hapana budi kuajiri.

Basi kwanza tufahamu mtu huyu anaajiriwa kwa kazi gani, kwani wengi humchagua kabla ya kulijua hili. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hata 12 kwa usiku na mchana, na hadi atimize miezi 6 hahitaji kitu kingine, hata maji. Kazi ya mlezi wa usiku si kumnyamazisha mtoto ili mama asisikie. Kazi yake ni kumnyanyua, kumleta kwa mamake anyonye, kumcheulisha, kumbadilisha nepi, kumlaza chali peke yake chini ya chandarua, na kumwangalia. Kwa hivyo mama anayetaka alale tangu isha hata alfajiri bila ya kuamshwa, hakuna mlezi katika dunia hii awezaye kumpa usingizi huo illa kwa kumdhulumu mtoto.

Wenyeji wa kando ya ziwa wanaye msichana wamwitaye japidi, ambaye humshika mtoto mama anapokuwa shambani au sokoni. Ni desturi ya mchana, na mama huwa karibu. Watu wa mjini wameichukua wakaigeuza: humtoa kijijini binti wa miaka kumi na mbili, wakamtwika kichanga usiku kucha, kwa kuwa ujira wake ni mdogo. Hii ni dhulma kwa watoto wawili kwa wakati mmoja. Na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imekataza kumwajiri kwa kazi yoyote mtoto aliye chini ya miaka 13. Atafutwe mwanamke mzima, aliyekwisha kulea, mwenye watu wa kumshuhudia.

Wametuuliza pia: je, yafaa awe asiyekuwa Mwislamu, maana wengi wapatikanao huko ni Wajaluo na Waluhya wa dini nyingine? Yafaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipohama Makka kwa siri alimwajiri Abdullahi bin Urayqit awe kiongozi wa njia, naye alikuwa katika dini ya watu wake wa Makka. Alimtazamia amana yake na ujuzi wake wa njia, na roho yake na ya swahibu wake zilikuwa mikononi mwa mtu huyo. Tumewaona wengine wakimchukua mwanamke kwa sababu ya mtandio wake tu, wala wasimuulize neno moja.

Na la kuuliza ni hili: mtoto akilia saa nane za usiku, akawa moto, utafanya nini? Akijibu kuwa atampa maji ya sukari au dawa ya tumbo, hafai mpaka afundishwe. Akijibu kuwa atamwamsha mama, huyo ndiye. Lakini hapa pana jambo ambalo waajiri hawapendi kuambiwa. Mlezi huyu huyu aliyejibu vyema, akimwamsha bibi wa nyumba usiku wa kwanza akakemewa, na usiku wa pili bwana akaguna, usiku wa tatu hatamwamsha mtu. Atambembeleza mtoto mwenye homa mpaka kupambazuke. Kisha tutasema mayaya wa siku hizi hawana amana! Amana yake tumeiua sisi kwa ndimi zetu. Mwambieni tangu siku ya kwanza, baba na mama mkiwapo wote wawili, kwamba hatalaumiwa kamwe kwa kuwaamsha bure.

Na afundishwe dalili za khatari mpaka azikariri: mtoto kukataa kunyonya, kuwa moto wa 37.5 na zaidi au kuwa baridi, kupumua mara 60 na zaidi kwa dakika, kifua kubonyea ndani, degedege, viganja na nyayo kuwa manjano, kitovu kutoa usaha. Yoyote katika hizi ni ya kwenda hospitali usiku ule ule.

Ama kinga, mashangazi zetu hutuma kutoka pwani mvuje na hirizi, na kisu cha kutiwa chini ya mto. Hayo hayamzuii mbu. Nchi ya ziwa ina malaria mwaka mzima, na chanjo yake, iliyoanza kutolewa Homa Bay Septemba mwaka 2019, haipewi mtoto mchanga. Chandarua chenye dawa ndicho cha kushikwa. Wala jiko la makaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya kumtia mzazi joto, milango ikafungwa. Moshi wake usioonekana huua.

Mlezi mwenyewe naye ni mtu. Hawezi kufua na kupika mchana kutwa kisha akakesha. Atakayekesha na alale mchana, na zile nguo afue mwingine, hata akiwa ni baba. Apewe siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, kama sheria tuliyoitaja inavyoagiza, na ujira uwe umetajwa kabla ya kazi. Qur'ani katika Sura ya Talaka, aya ya 6, imeamrisha wanaonyonyesha walipwe ujira wao na mambo yashauriwe kwa wema. Ikiwa mama mzazi mwenyewe ametajiwa ujira, huyu wa mbali je? Na aulizwe kama anaye mtoto wake anyonyaye huko Nyalenda au Manyatta. Akiwa naye, basi ama ahudhurie na mtoto wake, ama atafutwe mwingine.

Imebaki khabari ya maziwa. Mwanamke mwenye maziwa, kichanga kikilia naye amechoka, huenda akakipa titi lake kikanyamaza, wala asiseme. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, manyonyo matano mbalimbali kabla ya miaka miwili humfanya kuwa mamake mtoto, na mumewe kuwa babake, na watoto wao kuwa nduguze wasiooleka, kama Shayma binti Halima alivyokuwa ndugu wa Mtume. Miaka ishirini baadaye, katika mji mmoja, ndugu wawili wasiojuana huweza kuposana. Isitoshe, maziwa hupitisha virusi vya ukimwi, na kaunti za ziwani ndizo zenye wagonjwa wengi kupita sehemu nyingi za Kenya. Basi lisemwe waziwazi: hatanyonyesha. Ikiwa dharura imepasa, kama mama kufariki au kuugua sana, apimwe kwanza, bila ya kumfedhehi, na majina ya watu wa nyumba yake yaandikwe na yawekwe pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Siku tatu za mwanzo akeshe pamoja na mama au jamaa, aonekane anavyomshika mtoto. Na nambari ya mwenye tuktuk akubaliye kutoka usiku ibandikwe ukutani, na nauli iwekwe mahali mlezi apajuapo, ili bwana akiwa safarini Busia au Homa Bay asingojewe.