Kunakili Hesabu za Kikundi Wakati Kompyuta Inaandika



Vikundi kadhaa sasa vimeacha leja ya mkono na vinaweka akiba na mikopo kwa kompyuta. Basi huulizwa: "Na ikiibwa?" Wengi hujibu, "Tuko na flashi." Katibu anaichomeka katikati ya mkutano, anakopi faili, anaitia mfukoni. Hapo ndipo kuna hatari.

Tuseme mama mmoja anapewa mkopo wa shilingi 5,000. Kompyuta ina mambo mawili ya kuandika: kupunguza pesa za sanduku, na kuongeza deni kwa jina lake. Ukikopi kabla ya la pili kuandikwa, nakala itaonyesha pesa zimetoka na hakuna anayedaiwa. Siku mtakapoitegemea, mweka hazina ataitwa mwizi, naye hajagusa hata senti. Tena programu nyingine huandika mambo mapya kwanza katika faili ya pembeni, baadaye ndipo huyaingiza katika faili kubwa. Ukibeba ile kubwa peke yake, umeacha kazi ya leo nyuma.

Kwa hivyo, mkutano ukiisha, funga programu kabisa (si kufunika tu kompyuta!), ndipo ukopi folda nzima. Lakini kuna ushirika wenye makarani watatu wanaoandika kutwa. Hao hawawezi kufunga kila saa. Watumie sehemu ya programu yenyewe ya kutoa nakala, kama ipo. Ikitengenezwa vizuri, hiyo hushika hesabu zote kama zilivyokuwa kwa wakati mmoja, hata watu wakiendelea kuandika. Aliyewawekea programu awaonyeshe. Kama haipo, wangoje jioni wafunge.

Flashi ziwe mbili, zipokezane: juma hili moja, juma lijalo nyingine. Moja isilale nyumba moja na kompyuta, maana moto hauchagui. Na iwekwe chini ya kufuli. Madeni ya watu si habari za sokoni.

Halafu ipimwe. Ifungue katika kompyuta nyingine, mlinganishe jumla na vitabu vya wanachama. Kikundi kimoja nilichotembelea kilikopi mwaka mzima bila kufungua hata mara moja. Flashi ilikuwa imeharibika zamani.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
Flashi yetu iko kwa nani leo?
Ilifunguliwa mara ya mwisho lini, na ni nani waliokuwepo?