Safari ya Baiskeli, Kumbukumbu na Somo la Utungaji

Mwanachuo anayekwenda shuleni kwa mara ya kwanza kufundisha utungaji, mara nyingi huandika ubaoni kichwa hiki: "Safari Niliyoipenda". Kisha hurudi mezani akangoja. Watoto wachache huanza kusimulia safari ya Mwanza au Dar es Salaam ambayo hawakuifanya. Waliobaki hutafuna kalamu. Mwisho wa kipindi mwalimu hukusanya madaftari arobaini yenye habari moja: niliamka asubuhi, nikapiga mswaki, nikapanda basi, nikafika salama. Sisi wakufunzi tumeyasoma madaftari ya namna hiyo kwa miaka mingi, na tukiri kwamba tumewalaumu watoto kwa uvivu kuliko walivyostahili.

Katika makala haya tutaeleza njia nyingine, ambayo tuliijaribu Kiloleli, mkoani Simiyu. Njia hiyo hatukuitoa katika kitabu. Tuliipata kwa kukosea, na kosa lenyewe lilikaribia kumharibia mwanachuo mmoja matokeo yake.

Ilikuwa wakati wa mazoezi ya kufundisha. Tulifikia Kiloleli, na kutoka hapo tulikuwa tukizizungukia shule za jirani kwa baiskeli ya kuazima. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Aliyewahi kuendesha baiskeli katika udongo mweusi wa mbuga za Usukumani anajua maana yake: udongo hunata kwenye tairi, hujaa chini ya madigadi, na baada ya hatua chache gurudumu hukataa kuzunguka. Hapo hushuka mtu, akatafuta kijiti, akakwangua, akasukuma, akapanda tena. Kwa siku mbili tulifanya kazi hiyo kuliko kazi iliyotupeleka. Tulikagua shule tatu, na kwa kuwa tulifika kila mahali tukiwa tumechelewa na tumechafuka, hatukuandika kitu darasani. Fomu za tathmini tulizijaza usiku wa siku ya pili, kwa taa, kwa kutegemea kumbukumbu.

Katika fomu ya mwanachuo mmoja aliyefundisha Hisabati darasa la tano, tuliandika kwamba somo lilikuwa zuri ila halikuwa na zana za kufundishia, nasi tukampunguzia alama. Asubuhi alipoisoma fomu hakubishana nasi. Alituamkia kwa adabu, akasema, "Mwalimu, gurudumu lilikuwa juu ya meza." Kisha akatuonyesha madaftari ya watoto. Kweli, kila daftari lilikuwa na mchoro wa gurudumu la baiskeli. Watoto walikuwa wamelizungushia uzi, wakaupima uzi kwa rula, wakapata mzingo wa karibu mita 2 na sentimita 20, kisha wakagawanya kwa kipenyo. Ilikuwa zana bora kuliko zote tulizoziona katika ziara ile, nasi tulikuwa tumekaa hatua nne tu kutoka pale ilipokuwa.

Alama tulizirudisha. Lakini swali lilibaki: ilikuwaje tulikumbuka vizuri kabisa tope la gurudumu letu, na gurudumu lake tukalisahau?

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba kusahau hakuendi kwa mwendo mmoja: sehemu kubwa hupotea mapema, katika saa za mwanzo, kisha upotevu hupungua kasi. Mwaka 1932 Mwingereza Frederic Bartlett wa Cambridge alitoa kitabu kinachotuhusu zaidi. Aliwapa wasomaji wake hadithi ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda. Waliifupisha, na mambo yaliyokuwa mageni kwao wakayabadilisha yafanane na waliyoyazoea. Mitumbwi, kwa mfano, ikageuka boti. Hawakukusudia kusema uongo. Kumbukumbu yao ilipokuta pengo ililijaza kwa kile ambacho kwa kawaida huwapo.

Ndivyo ilivyotupata. Katika shule mbili za kwanza hapakuwa na zana. Tulipofika usiku kwenye pengo la shule ya tatu, kumbukumbu ililijaza kwa desturi. Na mtoto anayeandika "niliamka, nikapiga mswaki, nikapanda basi" hufanya jambo lilo hilo. Hana habari mkononi, kwa hiyo huandika habari ambayo kwa kawaida huwamo katika insha za safari.

Waandishi wa safari wanaijua hatari hii. Lugha yetu inao waandishi hao tangu zamani: mwaka 1901 Carl Velten alichapisha nchini Ujerumani Safari za Wasuaheli, na ndani yake kuna safari ya Salim bin Abakari ya Urusi na Siberia, na ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, katika nchi za Udoe na Uzigua. Kwa upande wa baiskeli, mfano mzuri ni Dervla Murphy wa Ayalandi, aliyefariki mwaka 2022. Alipotimiza miaka 10 alipewa baiskeli na atlasi, akaazimia kwamba siku moja ataendesha hadi India. Alikwenda mwaka 1963, na kitabu chake cha mwaka 1965 kilitokana na shajara aliyokuwa akiiandika njiani. Mwaka 1992, akiwa na miaka 60, alipita na baiskeli katika nchi zetu kutoka Kenya hadi Zimbabwe, akiipitia Tanzania pia, na kitabu cha safari hiyo alikipa jina lenye neno la Kiswahili, ukimwi, kwa sababu ndiyo habari aliyoikuta kila alipolala. Tunalotaka mwanachuo aliangalie ni hili: hakungoja afike kwake ndipo akumbuke.

Baiskeli yenyewe inamsaidia mwandishi. Abiria wa basi hulala, na miti humpita kama ukuta. Mpanda baiskeli hawezi kulala. Kilima hukijua kwa mapaja, upepo kwa kifua, shimo kwa makalio. Tena husimama: kuziba pancha, kurudisha mnyororo, kuomba maji, kuwapisha ng'ombe. Kila anaposimama pana nafasi ya kuandika maneno mawili matatu. Watoto wa Kiloleli wanayajua haya kuliko sisi, kwa kuwa baiskeli huko ndiyo hubeba maji, gunia la pamba, mgonjwa, na mdogo wao aliyekaa kwenye keria akishikilia shati la kaka yake. Hata hivyo mwalimu asisahau kwamba si kila nyumba ina baiskeli, na penye moja mara nyingi mtoto wa kike huipata mwisho. Anayekwenda kwa miguu afanye zoezi lile lile kwa miguu; huona hata zaidi.

Mwanachuo yule yule tuliyemkosea ndiye aliyekubali kujaribu pamoja nasi. Alichukua darasa lake la tano katika somo la Kiswahili, akaliambia lisiandike insha. Aliwaagiza watoto kwamba siku ile, katika safari yoyote ambayo kwa vyovyote wangeifanya, ya kwenda nyumbani, bombani, machungani au dukani, wasimame mahali patatu. Kila mahali waandike mambo matatu kwa ufupi: moja walilolisikia, moja walilolitazama, na moja lililougusa mwili wao. Aliwaonya wasiandike wakiwa juu ya baiskeli, wala wasisimame kandokando ya barabara kuu. Washuke, wasogee pembeni, ndipo watoe daftari. Aliwaruhusu pia waandike neno la Kisukuma pale ambapo la Kiswahili halikuja upesi. Wenzetu wengine hawakubaliani na ruhusa hiyo. Sisi tunaona kwamba neno la nyumbani lililoandikwa kwa wakati wake lina faida kuliko neno la Kiswahili lililokisiwa kesho yake, maana kulitafutia neno la Kiswahili ni somo tosha la msamiati.

Kesho yake watoto walifunga madaftari, wakasimulia kwanza kwa mdomo. Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye wiki iliyotangulia alikuwa amerudisha "Safari Niliyoipenda" ikiwa na kichwa cha habari tu, alisimama akasema, "Nilikwenda kuchota maji, nikarudi." Wenzake walicheka. Mwalimu akamwambia afungue daftari asome. Alisoma: "Bombani. Madumu manne. Moja halina kifuniko, nimeziba kwa gunzi." Mahali pa pili: "Mteremko. Gunzi limetoka. Mguu wa kushoto umelowa." Mahali pa tatu: "Nyumbani. Baiskeli inainama kulia."

Darasa lilinyamaza. Mwalimu akamwuliza kwa nini hakusimama kuliokota gunzi. Kijana alifikiri, kisha uso ukabadilika. Akasema alisimama, ila nyuma yake kulikuwa na ndama aliyekuwa akiifuata baiskeli na kulamba maji yanayomwagika, akamwacha anywe. Ndama huyo hakuwamo katika daftari, wala hakuwamo katika masimulizi ya kwanza. Gunzi ndilo lililomrudisha. Hapa ndipo tulipoelewa kazi ya maandishi ya njiani. Si insha yenyewe, na mwalimu asiyasahihishe kana kwamba ni insha. Ni kigingi: kumbukumbu ikifungwa hapo haiendi mbali, na ukiivuta kamba huja na mengine.

Kipindi cha pili walipoandika, kijana yule alijaza ukurasa mmoja na nusu. Mwalimu wake alitaka kulikata neno "gunzi" na kuandika "kizibo", akiona ndilo la heshima zaidi katika insha. Tulimzuia. Kizibo ni chochote; gunzi ni lile la nyumbani kwake, lililomwacha mteremkoni. Wino mwekundu tuliutumia kwa nukta, kwa herufi kubwa na kwa sentensi moja isiyoisha. Penginepo mwalimu aliuliza tu pembeni ya ukurasa: upande gani? sauti ya nini? mama alisemaje? Maswali ya namna hii huchukua muda, na darasa la watoto wengi halisahihishwi lote hivyo kila wiki. Mwanachuo achague madaftari kumi leo na kumi wiki ijayo, ayasome kwa makini, kuliko kupitisha alama ya vema juu ya arobaini.

Mwalimu mkuu anaweza kuuliza faida ya haya, hali mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una maswali mengi ya kuchagua jibu. Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba mtoto aliyezoea kupambanua alichokiona na alichokidhania husoma kifungu cha habari kwa jicho kali zaidi, na asiyechaguliwa kuendelea bado atahitaji kuandika barua inayoaminika.

Siku ya kuondoka Kiloleli watoto wa darasa lile walidai nasi tuwasomee maandishi yetu ya njiani, kwa kuwa tuliwaahidi kwamba tungefanya zoezi pamoja nao. Tulisoma. Mahali pa pili tulikuwa tumeandika: "Gurudumu limekwama tena." Yule mvulana wa nyuma akanyosha kidole.

"Shikamoo, mwalimu. Lilikwama la mbele au la nyuma?"

Hatukuwa tumeandika.