Barabara Ikichimbwa Shule Zikifunguliwa, Mzazi Afanye Nini?

Juni wanafunzi wako likizo, masika yamekwisha na udongo umeanza kukauka. Ungedhani huo ndio mwezi wa kuchimba barabara. Lakini mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza Julai 1, na kazi zilizotengewa fedha kwenye bajeti mpya husubiri tarehe hiyo. Mwezi huohuo shule hufunguliwa. Tena Julai, jua huchomoza Dar es Salaam karibu saa 12 na nusu, hivyo mtoto anayetoka nyumbani saa 12 hupita kando ya mtaro gizani.

Mzazi hawezi kubadili kalenda ya bajeti. Saa za kazi, hata hivyo, zinajadilika.

Mjue mwenye kazi

Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya na mitaa zinasimamiwa na TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Mtaro wa bomba huenda ukawa wa mamlaka ya maji, ambayo kwa Dar es Salaam ni DAWASA. Tafuta kibao cha mradi ukipige picha: hapo huandikwa mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi mshauri na muda wa kazi.

Ombeni saa, msiombe kazi isimame

Malalamiko ya mzazi mmojammoja hupotea. Kamati ya shule na serikali ya mtaa ziandike barua moja kwa mhandisi wa mradi, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani. Itaje shule, idadi ya wanafunzi wanaopita hapo, mahali panapoziba, na saa za kuingia na kutoka, kwa kuwa watoto wa madarasa ya chini hutoka mapema. Kisha iombe mambo haya:

- Njia isifungwe kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Kazi za kuziba barabara zianze saa 3.
- Malori ya kifusi yasipite mbele ya geti watoto wakiingia au wakitoka.
- Awepo mshika bendera, na itengwe njia ya waenda kwa miguu.
- Mtaro uzungushiwe uzio. Mvua za vuli zikianza Oktoba, maji huficha kina chake.

Usafiri wa asubuhi

Muulize dereva wa basi la shule atapita mchepuko upi na atapakia wapi. Kituo kipya kiwe upande wenu, mtoto asilazimike kuvuka eneo la kazi. Daladala ikikatisha ruti kwa kisingizio cha foleni, andika namba yake uripoti LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini.

Foleni ikizidi, kishawishi ni kuwapakia watoto wawili watatu mshikaki kwenye bodaboda. Usikubali. Kokoto na vumbi la barabara iliyochimbwa hutelezesha tairi, na pikipiki iliyozidisha abiria ni ngumu kuidhibiti.

Anayekwenda kwa miguu, pita naye njia hiyo Jumamosi. Mfundishe asipite nyuma ya lori au katapila, maana dereva anayerudi nyuma huenda asimwone.

Zungumza na shule

Mwalimu mkuu na mwalimu wa zamu wakijua barabara ipi imefungwa, mtoto hataadhibiwa kwa kuchelewa ambako si kosa lake.

Kazi ikiisha

Kagueni kama matuta, zebra na vibao vya shule vimerudishwa. Lami mpya huongeza mwendo wa magari, na geti lisilo na tuta huwa hatari kuliko lilivyokuwa wakati wa mashimo. Mkandarasi akishaondoka bado anawajibika kurekebisha kasoro kwa muda uliowekwa kwenye mkataba. Kwa hiyo ile picha ya kibao msiifute.